Kumbatiza Muuaji wa Sehemu ya Pili

Mmenijia tena na swali lilelile, ninyi vijana mnaotafsiri filamu kwenye kompyuta na kuwawekea watu kwenye simu zao. "Muzee Wilondja, kama muuaji njo akta, ndiye mwenye filamu, tunamutafsiri namna gani?" Mara ya kwanza niliwajibu kwa maneno mawili, mkaenda, mkaharibu. Nimesikia kazi yenu. Mama wee! Mtu anachinja familia nzima na ninyi mnamchekea. Haya, kaeni. Leo nawaeleza mpaka mwisho, na atakayeshika simu nitamfukuza.

Mi nilishika kipaza sauti, sisi tukikiita mikro, katika salle, yaani ukumbi wa video, hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka tangu enzi za kaseti za utepe mpaka enzi za DVD. Nilipoacha, niliacha kwa sababu koo lilichoka. Watu hawakunichoka. Wako wanaosema kulikuwa na watafsiri bora kuliko mi. Wako wapi? Waleteni hapa tupambane, hata kwa hili koo bovu.

Ninyi mnafanya kazi mkiwa peke yenu chumbani, ndiyo maana hamjui kitu. Salle yetu ilikuwa ya tofali za udongo, madirisha tumeyaziba kwa vitambaa vyeusi ili mchana uwe giza, na televisheni yenye mgongo mkubwa juu ya meza. Mi nilikaa kando ya hiyo meza, mgongo kwa filamu, uso kwa watu. Mtafsiri haangalii filamu. Filamu alishaiona jana. Anaangalia mama yule wa benchi la tatu amefunika mdomo au bado, na kama bado, anashusha sauti ili mama asogee mbele mwenyewe. Na kelele za filamu usizitafsiri. Msichana akilia kwa hofu, mwache alie. Nimesikia mmoja wenu akisema, "Hapa analia." Asante sana, tulidhani anaimba.

Filamu za kutisha zilikuwa na shida zake. Watu wetu wa Fizi, kule Kongo, hawakujua nyumba yenye chumba chini ya ardhi, na wa Bukavu, waliosoma kidogo, hawakuelewa kwa nini msichana ashuke huko bila tochi. Siku moja nikasema anaenda kutafuta chumvi. Mama Neema, muuza maharage, akanipigia kelele kutoka benchi lake: "Chumvi gani? Akaombe ku jirani!" Salle nzima ikamuunga mkono na filamu ikapotea kabisa. Tangu siku hiyo nilikuwa nasema, "Anashuka, na hata yeye hajue juu ya nini." Hapo walinyamaza, kwa sababu kila mtu amewahi kufanya hivyo.

Sheria zenyewe mnazijua, hata kama hamjui kuwa ni sheria. Akta, yaani yule mwenye filamu, hafi. Shefu bandi, mkuu wa majambazi, anakufa mwisho, tena anakufa vibaya. Mbwa anafahamu kabla ya watu, na kwa ufahamu wake huo anakufa wa kwanza. Anayesema "narudi sasa hivi" harudi. Ikija sehemu ya pili, aliyepona ile ya kwanza unamhurumia bure, maana hamalizi hata robo ya filamu, na damu ya pili lazima ipite ya kwanza, la sivyo watu wanadai walidanganywa. Nilizitumikia sheria hizi kwa miaka bila kuziuliza kitu. Sehemu ya pili ya filamu ya Fundi Saa ndiyo iliyonilazimisha kuziuliza.

Lakini kwanza mjue aliyenifundisha. Aliitwa Maître Gaspard, mtu wa Bukavu, mwalimu wa shule ya msingi huko kwao. Mfupi, lakini sauti! Angeweza kuhubiri bila mikro mjini Mponela ukamsikia hapa. Kiingereza chake kilikuwa nusu, cha kwangu robo, na tulichokosa tulikiotea kwa kuangalia nyuso. Siku zangu za mwanzo, watu kwenye filamu wanakula mezani, mi kwa kiherehere nikasema, "Huyu mwenye shati la bluu njo muuaji." Dakika kumi tu filamu imeanza! Gaspard akachukua mikro mkononi mwangu bila neno, akanipa ufagio. Nilifagia salle ile mpaka nikajua kila ganda la karanga. Aliponirudishia mikro aliniambia, "Siri ya filamu si yako. Ni ya bale balilipa kuingia."

Gaspard ndiye aliyeanzisha desturi ya kubatiza. Majina ya kizungu hayakukaa kinywani mwa watu. Wakitoka nje walisema, "ule wa kofia alimupiga ule wa ndevu," na ugomvi ukaanza, maana wa kofia walikuwa watatu. Basi Gaspard, kila uso ukitokea mara ya kwanza, akaupa jina la mtu wa hapa kambini. Polisi mnene: Shemasi Enoki. Msichana mzuri: Chantal, mshonaji. Bibi anayekufa ghalani: Mama Neema. Watu walipenda, acheni tu! Walikuja kuomba, "Maître, leo munibatize." Chantal alikasirika akibatizwa mke wa pili. Shemasi Enoki, aliyekuwa akisema kanisani kwamba salle ni mlango wa shetani, alikuwa akituma salamu kwamba akibatizwa awe na bunduki. Na kufa kwenye filamu hakukuwa aibu. Uliyekufa vizuri ulisalimiwa barabarani juma zima.

Ila muuaji hakubatizwa kwa mtu. Hilo Gaspard mwenyewe ndiye aliyelikataza. Muuaji alipewa jina la kitu: Nyundo, Kisu, Radi. Hapa kila mtu alikimbia muuaji fulani wa kweli, aliniambia, na jina la muuaji likitua juu ya mtu, utalibandua kwa kitu gani?

Kisha akaivunja sheria yake mwenyewe. Mara moja tu, na kwa upendo.

Filamu ilikuwa ya mji wenye theluji. Fundi wa saa anapita nyumba kwa nyumba akitengeneza saa za ukutani. Kila saa anayoitengeneza inafika saa fulani inasimama, na saa hiyohiyo ndiyo anarudi kumuua mwenye nyumba. Wanakufa wengi, hata Mama Neema wa ghalani na polisi Shemasi Enoki. Mwishoni nyumba yake inawaka moto naye akiwa ndani, msichana mmoja tu, Chantal wetu, anapona, na katika majivu unasikia saa inaanza tena: ta, ta, ta. Sasa, hapa kambini tulikuwa na fundi wetu wa saa na redio, Papa Seraphin, mwembamba, mpole, mwenye lenzi iliyofungwa kwa uzi wa viatu. Meza yake ilikuwa kando ya njia ya sokoni. Yeye na Gaspard walicheza dame, yaani drafti, kila Jumapili kwa vizibo vya soda. Muuaji alipotokea na lenzi jichoni, ulimi wa Gaspard ukamtoroka: "Heh! Papa Seraphin!" Salle ilikufa kwa kicheko. Seraphin mwenyewe alikuwa nyuma, anafuta machozi kwa kucheka.

Filamu ikaendelea. Kicheko kikaisha, jina likabaki.

Haukupita muda mrefu, karatasi za Gaspard za kuhamia ughaibuni zikatoka, akaenda kuishi ndani ya ile theluji aliyoitafsiri maisha yake yote. Mikro ikawa yangu. Na hapa kambini watoto wakawa wanamwona Papa Seraphin wanakimbia. Mwanzoni ulikuwa mchezo. Kisha mawe yakaanza kugonga bati lake. Kisha watu wazima nao. Yeye alifika Dzaleka peke yake, bila mke wala ndugu, na mtaa wake wa Bukavu haukuwa na mtu mwingine hapa wa kusema "huyu namjua tangu utoto." Sote tulikuwa na mtu wa kutushuhudia. Yeye hakuwa naye. Mwanamke mmoja kisimani akauliza, "Ule alitoka Bukavu mwaka gani? Na ku mukono iko na alama ya moto, mumeiona?" Fundi gani wa redio hana alama ya moto mkononi? Chuma cha kulehemu kinamuunguza kila juma. Lakini neno likishatoka kisimani linabebwa na ndoo zote. Redio zikaacha kufika mezani kwake. Hakuna aliyesema tena kwamba ni filamu. Walisema, "moshi haukosi moto."

Mwaka uliofuata nilikuwa Biwi, kule Lilongwe, kwa rafiki yangu muuza sahani za DVD, nikaikuta: Fundi Saa, sehemu ya pili. Kwenye jalada muuaji yuko peke yake, katikati, mkubwa, ameinua uso. Mahali pa akta. Nikajua kuna balaa.

Nilirudi Dzaleka na sahani ndani ya shati, na bado sijashuka kwenye kabaza, baiskeli ya abiria iliyonileta kutoka barabara kubwa, watu walishajua. Kesho yake asubuhi Papa Seraphin akaja kwangu. Hakukaa.

"Wilondja, mutoto yangu, banasema umeleta ya pili."

"Njo, papa."

"Na ule muntu iko ndani?"

"Iko. Tena sasa njo akta."

Akageuza kofia yake mkononi. "Donc, basi, batanipigia makofi."

Akaendelea, "Kwetu nilikimbia bale bantu banauaka. Nilikimbia na valizi moja ya nguo. Sasa huku njo bananikimbia mi, sawa vile mi njo bale. Siku ya kwanza, Jumatatu, naenda ku Biwi, kuko muntu atanipa kafasi mu nyumba yake. Karatasi ya kukaa kule sina, lakini nitajificha. Nilikuwa naapa sitakimbia tena. Kumbe."

"Papa, ungoje Jumamosi kwanza. Ukuje mu salle, ukae mbele."

"Utafanya nini?"

"Sijue bado."

Na kweli sikujua. Ninyi mtasema, si ungeivunja tu hiyo sahani? Salle ya upande wa pili wa kambi ilishaagiza yao, na mtafsiri wao alikuwa mropokaji, angelipiga kelele jina la Seraphin tangu jalada. Ilikuwa lazima niwe wa kwanza, tena niifanye vizuri kiasi kwamba yake isisikilizwe.

Nikarudi Biwi kwa yule rafiki, mbali na macho ya kambi, nikaiangalia mchana kutwa, na nikaiangalia bila sauti. Andikeni hilo: filamu mara ya kwanza kuiona usiisikie. Maneno yanakuficha mambo. Na bila maneno nikaona ujanja wote. Aliyepona sehemu ya kwanza, yule msichana, anauawa mapema, kama kawaida. Kisha muuaji anaonyeshwa akila peke yake, mkate mkavu. Anapewa paka. Analisha paka kabla ya kula yeye. Anakohoa. Kisha wanaletwa majambazi wabaya kuliko yeye, wanaotesa watu kwa kucheka, wanamfuata, na sasa anaua hao. Moyo wako unafanyaje? Unahama. Mi mwenyewe, na akili zangu zote, nilijikuta nasema, "Kimbia, muzee, wako nyuma yako!" Halafu nikajishika. Nilikuwa namwonea huruma aliyemkata Chantal shingo nusu saa iliyopita!

Nilifikiria kumpa jina jipya. Salle ingekataa, uso wanaujua. Nilifikiria kusema huyu ni pacha wake. Ujanja wa watafsiri wavivu, na watu wetu si wajinga. Nilifikiria kumfanya mwema, niseme wale aliowaua walistahili. Hapo nikajionea aibu peke yangu, kwa sababu niliwajua waliokaa kwenye mabenchi yangu na niliwajua wafu waliowazika. Nikarudisha filamu mwanzo. Ndipo nikaona kitu kingine: sehemu ya kwanza tulimwona muuaji kutoka mbele, anakuja. Sehemu ya pili tuko mgongoni mwake daima. Tunaona anachokiona, tunaona mikono yake pale mikono yetu ingekuwa. Ni kama yeye ndiye anayesimulia. Nikasema, haya basi, kama yeye ndiye anasimulia, msimulizi wa salle hii ni nani?

Jumamosi mchana salle ilifurika mpaka mlangoni. Papa Seraphin alikuja, kofia mkononi, akakaa benchi la mbele. Benchi zima likabaki lake peke yake. Watu walikuwa wamebanana nyuma kama nini, wengine wamesimama, na hakuna aliyekaa karibu naye.

Nikaanza kwa kuwakumbusha sehemu ya kwanza, kama desturi: nani alikufa, wapi, saa ngapi. Kisha uso ukatokea. Nyuma mtu akapiga kelele, "Seraphin!" Wakacheka. Mi nikanyamaza. Mtafsiri akinyamaza watu wanadhani mashine imeharibika, kwa hiyo wakatulia wote. Nikasema:

"Bantu ba Dzaleka, mumuangalie muzuri ule muntu. Muangalie pua. Muangalie upara. Njo mi. Mi Wilondja, muntu wa Baraka, kule Fizi, na ile moto haikuniua."

"Bongo! Uongo!" mtu akapinga.

"Bongo? We ulikuwa mu filamu? Tulia, nikuambie mambo yangu mi mwenyewe."

Wakacheka tena, lakini sasa walikuwa wananicheka mi, na kicheko hicho nilikitaka. Nikaendelea hivyohivyo, kila kitu kwa "mi". Mi naamka. Mi naosha kisu. Mi nafika mlangoni kwa msichana aliyepona. Na Chantal wa kweli alikuwa pale, benchi la pili. Nikashusha sauti. "Chantal, dada yangu. Suruali hii ni we ulinishonea. Nimekuya kutengeneza saa yako." Muuaji akainua mkono, na Chantal akaruka kwenye benchi: "Wilondja, acha! Wilondja, nakuomba!"

Mmesikia alivyosema? Hakusema Seraphin. Jasho lilinitoka kwa furaha, jamani, katikati ya mauaji.

Kisha sehemu ngumu ikafika. Paka akalishwa. Muuaji akakohoa. Nikasikia "masikini" mbili tatu gizani. Majambazi wakaja, akawageuka, akaanza kuwamaliza mmoja mmoja, na makofi yakaanza nyuma kule kwa vijana, yakasambaa. Hapa ndipo ninyi mnapopotea, mnapiga makofi pamoja nao. Mi nilisogeza mikro karibu na midomo na nikasema polepole, "Munanipigia makofi? Zikomo, asante. Niliua bantu benu, nikalisha paka, sasa muko bangu." Mikono ikashuka. Mama mmoja akavuta pumzi nikamsikia kutoka nilipokaa. Mtoto wa mtu akaanza kulia akatolewa nje.

Mwisho wa filamu muuaji hafi. Walikuwa wameshaweka akiba ya sehemu ya tatu, wezi wale. Anapanda treni asubuhi, behewa tupu, anakaa dirishani na kutabasamu. Niliwatazama watu wangu. Watu waliokimbia usiku mmoja wasijue aliyewachomea nyumba leo anakaa wapi, anakula nini. Siwezi kuwarudisha nyumbani na tabasamu lile. Na siwezi kumuua mtu ambaye filamu haikumuua, hilo ni kosa la kazi. Ila vile viti vilikuwa vitupu.

Nikasema, "Mu hii treni niko peke yangu. Nimepona. Lakini hii kiti pembeni yangu, ni ya nani? Ni ya Mama Neema, nilimuua mu gala."

Ikatoka sauti ya muuza maharage, kali kama siku ya chumvi: "Niko hapa!"

"Na hii ya mbele yangu? Ya Chantal."

"Niko hapa! Na sitoke!"

"Na ile ya mulangoni? Ya polisi munene, Shemasi Enoki."

Nje ya dirisha, nyuma ya kile kitambaa cheusi, sauti ya mtu asiyekanyaga salle maisha yake ikaitika, "Niko hapa!" Mungu wangu, watu walicheka huku wanalia. Nikawaita wote tuliowabatiza, wa sehemu ya kwanza na ya pili, na kila mmoja akaitika kutoka kwenye benchi lake, na ambaye hakuwepo, jirani yake alimwitikia: "Iko nyumbani, iko muzima!" Mpaka treni ile ikajaa. Muuaji bado anatabasamu kwenye kioo, lakini hakuna aliyemtazama tena. Nikamalizia, "Basi tuende. Safari ni ndefu, na mumenizunguka bote." Nikaizima.

Tulipofungua vitambaa, mwanga ukatuumiza macho. Papa Seraphin akasimama, akavaa kofia yake. Watu wakamtazama, na yeye akanitazama mi. Akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Wilondja, we ni muuaji mubaya sana. Na hata saa hujue kutengeneza."

Wakacheka. Mama Neema akampita, akarudi, akasimama mbele yake akitafuta la kusema. Mwishowe akasema, "Papa Seraphin, redio yangu inakoroma sawa mulevi. Kesho nitaileta." Akajibu, "Ilete na mabetri yake, mama." Basi, hakuna aliyeomba msamaha kwa maneno, na sikuwahi kusikia akiyadai. Jumatatu hakwenda Biwi. Nilipita makusudi njia ya sokoni asubuhi nikamwona, lenzi jichoni, redio tatu zinamngoja. Nilitaka kumsalimu nikashindwa, nikapita kama mtu mwenye haraka.

Mi sasa. Watoto walinikimbia mi. Madereva wa kabaza, vijana wa Kichewa wa vijiji vya jirani, wakaniita Wakupha, yaani muuaji, na wakanipakia hivyohivyo huku wanacheka. Nilipokwenda kuchumbia, mama mkwe alimwita binti yake pembeni akamwuliza kama ni kweli yale mambo ya saa. Na mpaka leo nyumbani kwake hakuna saa ya ukutani. Lakini mi nilikuwa na mashahidi. Watu wa Baraka walijaa hapa, wanaojua nilizaliwa nyumba gani na nani alinichapa kwa kuiba dagaa. Jina lile kwangu lilikuwa kofia, unalivaa, unalivua. Kwa Seraphin lilikuwa linakula nyama. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga kule Biwi, na ningeipiga tena leo.

Kwa hiyo jibu la swali lenu ndilo hilo. Muuaji akiwa akta, filamu itakutaka uhamie kwake. Sawa, hamia, ndiyo kazi, lakini ingia mzima, kwa mguu wako na kwa jina lako, ili wakimwogopa wakuogope wewe na wakimpenda waone aibu usoni pako. Usimtume mtu mwingine huko ndani. Na waliokufa uwakumbuke mpaka mwisho, hata kama filamu yenyewe imewasahau.

Papa Seraphin alifariki hapahapa Dzaleka, baada ya miaka mingi, kitandani mwake, na msafara wake ulikuwa mrefu. Kaburini walisimulia redio alizofufua. Vijana walioshika jeneza hawakuwa wamewahi kusikia kwamba mtu huyu aliwahi kuogopwa. Niliwatazama mmoja mmoja usoni, nikahakikisha.

Na mi bado mnaniita Muuaji. Juzi katoto kadogo, hata salle hakakuiona, kamenipigia kelele njiani: "Muuaji, jambo!" Mama yake akaona haya, akataka kukachapa. Nikamzuia. Nilishaitika. Kila nikiitwa naitika haraka, kabla jina halijaanza kutafuta mtu mwingine.